Wozi na Ingi

Ghala la chama cha msingi, Newala, Jumanne jioni,
magunia yamesogezwa ukutani kutupa nafasi.
Mwalimu Chinduli ameandika kwa kipande cha chaki:
wozi, kisha kitenzi, kisha ingi mkiani.
"Tendo refu," anasema, akivuta mstari hadi ukingo wa ubao,
"lilikuwa likiendelea. Tendo fupi likaja,"
anachora mkwaju, "likalikata."

Sisi wanawake kumi na mmoja, wabanguaji,
vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda.
Ingi, tunacheka, ni nyingi iliyokatwa kichwa.

Kila mtu atoe sentensi.
Fatu Mkalinga: nilikuwa nikikinga maji, bomba likakauka.
Hiyo si sarufi, hiyo ni Newala.
Esha Namtuka: nilikuwa nikisinzia mkutanoni, bei ikatangazwa,
nikaamka, nikasinzia tena.
Mwalimu anacheka mpaka miwani inateleza.

Zamu yangu.
Nasimama. Nasema:
mama alikuwa akibangua korosho.

Chinduli anangoja, chaki juu, tayari kwa mkwaju.
"Halafu? Kikatokea nini?"

Anajua kilichotokea.
Alibeba jeneza, upande wa kushoto, nyuma.
Ilikuwa saa nne asubuhi, kisu kingali mkononi,
korosho moja imepasuka nusu,
na ile nusu ninayo mimi, kwenye kopo la mafuta ya kujipaka.

Nimemaliza, nasema.
"Haijaisha. Tendo refu halisimami peke yake."
Kwetu linasimama, nasema, na kuketi.
Fatu ananisogezea daftari lake, sijui kwa nini.

Usiku ukungu umefika kizingitini.
Nafanya zoezi kwa tochi ya simu,
naandika Kiswahili kwanza, nijue ninahamisha nini:
alikuwa akibangua.
Naiona hiyo ki, imejibana katikati.
Ndiyo ileile ya akirudi nitamwonyesha mwandiko wangu.
Ki moja, kazi mbili, ujira mmoja,
kama sisi.
Kwa Kiingereza sijui ningeiweka wapi,
mbele ya wozi, au nyuma ya ingi,
au niivushe kimyakimya, kama wanavyovusha korosho usiku.

Nilikuwa nikiandika mama wozi,
simu ikazima chaji.

Basi hiyo nitampa Chinduli.
Hiyo haina kosa.