Kipimo cha Mkono

Februari, Kuldīga. Mto umeganda kingoni,
katikati maji yanapita, meusi.
Bibi Vizma yuko karibu na jiko la vigae,
sindano tano vidoleni, uzi mwekundu mapajani;
mimi niko mezani na laptopu ya Oskars,
ile yenye ufa kwenye kioo.
Tunatafuta duka lisilo na mlango.

"Nisomee tena," anasema. Nasoma.

La kwanza ni soko la dunia nzima.
Wateja wamejaa tayari, hatuna haja ya kuita mtu.
Tutapewa kijinafasi kati ya glavu elfu kumi na mbili,
nyingi zimeandikwa "kazi ya mkono"
na mkono wenyewe haujulikani.
Kila jozi ikiuzwa, wanamega chao;
ukitaka kusogezwa mbele, wanamega tena.
Bibi anahesabu vitanzi, hainui kichwa.
"Riga nilipanga meza miaka kumi na tisa.
Mwenye meza alichukua chake asubuhi, kabla sijauza hata uzi.
Huyu angalau anangoja."
Kisha, baada ya safu nzima:
"Lakini yule nilimjua jina."

La pili ni la kupanga. Yuro ishirini na saba kwa mwezi,
uuze usiuze, hata Julai,
mwezi ambao hakuna mtu anayewaza glavu.
Namwambia kuna nchi ambako Julai ni baridi.
Sindano zinasimama.
"Wana mikono mikubwa?"

La tatu ni la bure. Unajijengea mwenyewe, tofali kwa tofali,
na Oskars ameahidi kulisimamisha wikiendi moja tu.
Oskars huyu huyu aliyeahidi kuziba bomba la bafuni Oktoba.
Tunanyamaza kidogo. Tunalisikia.

Nyuma ya bili ya umeme nimechora safu:
kodi, kadi, posta, mzigo ukirudishwa,
na swali lililoninyima usingizi:
siku tukihama, tutaondoka na majina ya wateja wetu
au yatabaki kwa mwenye nyumba?

Tukajaribu la kupanga, siku kumi na nne bila malipo.
Fomu ikauliza jina la bidhaa. Glavu.
Ikauliza saizi: ndogo, ya kati, kubwa.
"Ya kati," akasema Bibi, "ni mkono wa nani?"

Akaweka ufumaji chini. Hilo halitokei ovyo.
Akatoa kabatini bati la biskuti,
na ndani yake mikono:
mikono iliyochorwa kwa penseli, kuzunguka kila kidole,
juu ya karatasi za sukari, kalenda, pembe za magazeti.
Mkono wa tarishi. Mkono wa bwana harusi wa mwaka themanini na tatu.
Mmoja una vidole vinne; kiwanda cha mbao kilichukua cha tano.
Mmoja ni mdogo kama jani, wangu.
"Uliza hilo duka lako," akasema, "kama mtu anaweza kunitumia huu."

Nikauliza. Soko kubwa: haiwezekani.
La bure: inawezekana, kama Oskars...
Sikumalizia.
La kupanga: inawezekana, mteja atapakia picha,
ila kwa kifurushi cha juu, yuro kumi na moja zaidi.
Bibi akapiga hesabu kwa vidole, kwa Kilatvia, kwa sauti ya chini.
Jozi moja kila mwezi ingelipa kodi, na uzi ubaki deni.
"Lipa," akasema, kama anayemfukuza kuku.

Sasa ni saa nne usiku na bado tunabishana
rangi ya kitufe cha kununulia.
Nimejaza idadi iliyopo: moja.
Fomu inauliza: zikiisha, tuendelee kuuza?
Nikamgeukia.
Alikuwa amesharudi kwenye dole gumba la kushoto.

"Mwambie angoje. Nafuma."