Fomu ya Kurasa Nne

Doncaster, saa tisa usiku, ghala la vifurushi.
Craig amekaa sakafuni, kati ya rafu ya kumi na sita na ya kumi na saba,
skana yalia mkononi, tii, tii,
naye hasikii.

Msimamizi ni mimi. Nina kizibao cha kung'aa,
cheti cha mafunzo ya nusu siku,
na fomu ya kurasa nne.
Ukurasa wa pili wauliza:
Je, hali hii itaathiri zamu ijayo?

Tulifundishwa tusiseme sori;
mwanasheria alisema ni kukiri kosa.
Nikapekua Kiingereza changu, miaka kumi na mmoja ya Kiingereza,
kutafuta neno la kumpa aliyejikwaa
na jiwe hukuliweka wewe.

Likanitoka hili:
"Utarudi lini kazini?"

Akanitazama kama anayesoma bei
ya kitu asichokinunua.
Akainuka. Akamaliza zamu.

Sasa ni Machi. Kabati lake lina jina jingine.
Fomu ninayo, garini, chini ya kiti,
imelowa kona moja.
Nyuma yake nimeandika pole,
kwa penseli,
na sijui niipeleke wapi.