Ukungu

Skodde, maana yake ukungu: ndivyo nilivyomwita
siku aliyozaliwa na bonde lote la Pasvik halionekani.
Mbwa wa mbele. Husoma barafu
kabla mimi sijauona ufa.

Februari, duara jekundu likazunguka macho yake
kama miwani aliyochorewa na mtoto.
Nikasema ni upepo.
Wiki ya pili, gaga pembeni mwa mdomo,
nyayo zimepasuka kama mkate wa juzi.
Nikasema ni chumvi ya barabarani.
Mtu akiogopa gharama, upepo huupa majina mengi.

Kisha nikapitisha mkono mgongoni, kinyume cha manyoya,
magamba meupe yakamwagika kiganjani.
Nikasubiri yayeyuke.
Hayakuyeyuka.

Hjalmar, baba mkwe, akaja na kopo la oili chafu:
"Upele huo. Sisi tuliwapaka hii. Wengi walipona."
Sikumuuliza waliobaki walizikwa wapi.
"Basi mtenge," akasema, "usije ukawapoteza wote."
Hapo alikuwa na haki.
Usiku ule wenzake kumi na mmoja walilia kwa pamoja,
naye akawajibu toka ghalani, peke yake,
kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Saa tatu za barabara hadi kwa Daktari Torunn.
Akashika wembe butu, akakwangua ukingo wa kidonda
mpaka damu ikachungulia,
akapaka kwenye kioo, akainamia hadubini.
Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia,
nikingoja atamke utitiri, au chawa;
hata kuvu ningeishukuru.

"Hamna kitu humu," akasema.
"Hakuna kinachomla.
Yeye anakula nini?"

Nilitaka kusema samaki.
Ulimi ulishaanza kusema samaki.
Lakini tangu Novemba, bei ilipopanda,
ni uji wa shayiri na pumba, mfuko wa bluu, nusu bei.

Nafaka hufumbata madini, akanieleza,
zinki haifiki kwenye ngozi;
na mbwa wa ukoo huu, baadhi yao
huzaliwa na utumbo bahili.
Bahili.
Nikatazama buti zangu.

Kidonge kimoja kwa siku, ndani ya nyama,
si tumbo tupu, atatapika.
Usizidishe, kinachotibu kikizidi ni sumu.
Gaga lilainishe kwa maji ya vuguvugu,
usiling'oe,
hata likikuomba.

Aprili, kandokando ya jicho la kushoto,
malaika: vinyweleo vya kijivu, laini,
vinainama nikivipulizia.
Jicho la kulia bado.

Hjalmar alipita, akatazama, hakusema neno.
Akachukua kopo lake, akapaka bawaba za lango la banda.
Lango, nakiri, halilii tena.

Skodde angali akilamba kidole kimoja usiku.
Nausikia ulimi, nalala macho, nahesabu.
Nikifika thelathini
nawasha taa.