Jiwe la Mpaka

Jiwe lile lilikuwa na mistari mgongoni,
sambamba, iliyojipinda kidogo.
Babu Ntamagiro akisema ni vidole vya baba yake
aliyelibana kwa hasira siku ya kulisimika.
Jirani yake Ruhembe akicheka hadi mate yanamruka:
“Vidole gani! Hizo ni kwato za ng'ombe wangu,
na ng'ombe wangu hajawahi kulala ugenini.”

Wakashtakiana.
Miaka kumi na mitatu, kutoka kilimani juu ya Mkuti
hadi kwa karani wa baraza.
Kuku wakaliwa, ndizi zikauzwa changa,
faili likanenepa kuliko walalamikaji,
na jiwe, shahidi pekee asiyehongeka,
likakaa palepale, jekundu, kimya,
likivunjika.

Maana jua la Agosti lililipasha likatanuka,
usiku ukalipoza likanywea.
Tanuka, nywea. Tanuka, nywea.
Ngozi yake ikabanduka magamba,
sisi watoto tukayaokota kuandikia ukutani.
Kuvu ikalitafuna bila meno.
Mbegu ya mkuyu, iliyodondoka na kinyesi cha ndege,
ikapata ufa usioingia wembe,
ikapenyeza mzizi kama uzi wa mshonaji,
kisha kamba,
kisha mkono,
na alfajiri moja tukasikia ta!
Babu akatoka na panga akidhani ni Ruhembe.
Ruhembe akatoka na rungu akidhani ni Babu.
Wakakuta nusu mbili, mkuyu katikati.

Wote wawili walikuwa wamefyeka ukingo mzima
ili mpaka uonekane vizuri.
Basi mvua ilipokuja haikukuta wa kuiuliza inakwenda wapi.
Ilianza na udongo mweusi, ule laini, wa maharage;
ikarudi kuchukua changarawe;
ikarudi tena, ikamchukua shahidi.
Bonge kubwa lilibiringika hatua mbili likapumzika mwaka,
kama msafiri aliyeishiwa nauli.
Kokoto ziliruka, zikagongana, zikapoteza pembe.
Mchanga ulikimbia ukiinama.
Tope halikukanyaga chini tena.
Mto ukichoka hutua mzigo popote,
ukinyeshewa hujitwisha upya, wala hauulizi ni wa nani.

Mimi leo napakia mchanga Luiche, bondeni, karibu na Ujiji.
Lori la Mvano, tripu sita kwa siku,
malipo kwa tripu, si kwa jasho.
Bi Asina mwenye majaruba ya mpunga
anasifu tope la mwaka huu, jinsi lilivyonona.
Nikamwambia: “Hilo ni shamba la babu yangu.”
Hakuacha hata kupalilia.
“Basi mwambie aje avune.”

Jana maji yalipopungua hadi kifundo cha mguu
niliona mchanga umejipanga mistari,
sambamba, iliyojipinda kidogo.
Nikasimama na koleo begani.

Si vidole, Babu.
Wala si kwato, mzee Ruhembe.
Yalikuwa maji tu, ya kifundo cha mguu,
yaliyopita juu ya mchanga mwingine
kabla hapajawa na ukoo wa kugombana na ukoo.
Mchanga ukafunikwa, ukabanwa, ukasahauliwa,
ukaamka jiwe juu ya kilima,
nanyi mkaliita lenu.

Mvano akapiga honi. Aliniambia asubuhi mzigo huu ni wa wapi:
wanajenga chumba kipya cha baraza la ardhi,
kile cha zamani mafaili yamekijaza.
Sikucheka. Nilikuwa na tripu mbili bado.
Nikazamisha koleo, mistari ikavurugika,
na kabla sijainua la pili
maji yalikwisha anza kuichora.