Kaa Kama Unavyochoka

Hadi Magu goti la kulia limenyamaza.
Lamadi linaanza kunong'ona.
Bunda linanitukana waziwazi.

Nikampelekea Lutubija, Nyakato, lile pikipiki kubwa
nililouziwa na mtu wa Tarime mwenye haraka zake,
nikamwaga vikanyagio juu ya gunia:
vya alumini, meno kama ya sangara;
vya mpira, vipana, mtumba;
na jozi mpya, bei ya mbuzi wawili.

Hakuvitazama.
"Panda. Kaa kama unavyochoka."
Akaazima futikamba kwa fundi cherehani wa jirani,
akanipima nyonga hadi kisigino
kana kwamba nimeleta kitambaa cha suruali.
"Tushushe sentimita nne, tusogeze mbele kidogo.
Chukua vya mpira. Haya meno ni ya wanaoruka matope."

Boliti moja ilikuwa imeganda kwa kutu.
Tuliipa mafuta, tukaipa nyundo,
ikalegea kwenye chai ya pili.

Ndipo akainama nyuma, kwenye vya abiria:
mpira wa kushoto umesagika hadi chuma,
wa kulia bado una nembo ya kiwandani.

"Nani hukaa huku?"

Mama. Kila mwezi, kliniki, Bugando.
Miaka miwili mguu mmoja unaning'inia,
nami mbele namsimulia habari za goti langu.

Lutubija akafuta spana kwenye ovaroli.
"Hivi vyako vitasubiri.
Jumamosi njoo naye.
Futikamba nitaiazima tena."