Kona ya Kulia

Juu kulia mwa karatasi ndipo huandikwa mtunzi.
Nimekaa nayo tangu jioni, karatasi ya solfa,
taa ya sola inapepesa macho,
mbu wa Igogo wananisomea mashtaka,
na kona ile bado nyeupe.

Soprano ni yangu. Naweza kuiapia.
Ilinijia nikiosha miguu Igombe,
so, la, so, do,
maji yakirudi ziwani na povu lake.

Besi nimeiba. Niseme tu.
Besi ni ya marehemu Nkwabi,
ya mwaka ule panya walipokula kinanda cha parokia
tukaimba kavu sikukuu ya Kristo Mfalme.
Naye Nkwabi aliniambia, ugoro ukiwa kidoleni:
"Si yangu, kijana. Kuna Mjerumani mmoja,
alizikwa kabla babu wa babu yangu hajachunga ng'ombe,
alishuka ngazi hivi hivi: do, ti, la, so.
Mimi nimemvua viatu tu, akanyage mchanga."
Na Mjerumani je?
Nkwabi akapiga chafya.
"Nasikia naye alikesha mbalamwezini
akinakili kitabu cha kaka yake, kwa siri."

Mla cha mwenziwe na chake huliwa.
Juzi nilipita Mwaloni, Kirumba,
akina mama wanachambua dagaa,
mmoja anaiimba puani, soprano yangu!
Mwisho wake ameupinda kwa Kisukuma.
Nikasimama na ndoo mkononi
kama mtu aliyekuta shati lake limevaliwa na mwingine
na limemkaa.

Kisha mazoezi ya Jumamosi. Kipimo cha tisa.
Minza wa alto, mtoto mgongoni;
mtoto akamvuta sikio, mama akapanda fa
palipoandikwa mi.
Kwaya nzima ikacheka.
"Rudia."
"Mwalimu, nimekosea."
"Kosea tena vile vile."

Akakosea.
Hapakuwa na Nkwabi pale, wala Mjerumani, wala mimi.
Nikalowesha kidole mate, nikafuta mi.

Kesho Shigela wa fotokopi ataniuliza:
"Mwalimu, mbona hapa patupu?"
Mia kwa ukurasa, nakala arobaini,
na foleni ya wanafunzi nyuma yangu.
Nimeipima kona kwa kidole gumba:
inatosha jina moja,
tena liwe fupi.