Nani Kakufukuza?

Siku ya kwanza niliishia dukani kwa Shaame,
nikanunua kiberiti nisichokihitaji
ili nionekane nilikuwa na haraka ya jambo.
Raba za mwanangu, soksi za skuli,
buibui nimelipiga fundo kiunoni,
na Bi Mchanga, barazani kwake, anapeta mchele,
akauliza bila ya kuinua uso:
"We Mize, nani kakufukuza?"

Sikuwa na jibu, wala pumzi ya jibu.

Kwetu huku, nyuma ya Konde, mtu hakimbii hivi hivi.
Hukimbilia mvua, karafuu zikiwa juani.
Hukimbia nyuki.
Mwanamke wa miaka arubaini na saba
anayekimbia alfajiri na hakuna kinachoungua,
huyo ana lake, au kapandwa na kitu.

Lakini Bikombo, mdogo wangu, alianguka
juu ya jamvi la karafuu, katikati ya msimu,
nusu ya mdomo ikicheka, nusu imenyamaza.
Spitali ya Wete daktari akanipima na mie,
akaitazama mashine, akanitazama,
akaandika: *atembee*.
Macho yangu yakasoma: *akimbie*.

Sasa njia naijua kwa pumzi.
Pumzi mia mbili mpaka mnazi uliokatika kichwa.
Sitini, za kupanda, mpaka magofuni,
na hizo sitini ni ghali.

Msikiti usio na paa. Kibla kingali kimesimama,
na mbuzi wa Asaa kalala pale pa imamu,
anatafuna, ananitazama kama mgeni aliyechelewa.
Naegemeza kiganja ukutani nivute hewa.
Jiwe la matumbawe, vitundu vitupu,
kama mkate wa kumimina.
Kuna mtu alilibeba hili kutoka pwani,
begani, kwa kilima hiki hiki kinachoniua,
na mahali fulani njiani akaweka kiganja, akahema.
Sultani huenda ana jina.
Mhemaji hana.

Halafu chini, miguu inakwenda yenyewe, ziwani.
Si ziwa la kutajwa redioni.
Vuli ikikosa huwa tope na kelele za vyura.
Leo limejaa, yungiyungi hazijafumbua,
na kijana mmoja, niliyemfundisha kugawanya,
anaosha pikipiki ya watu.
"Shikamoo mwalimu," asema,
na hajui ayaweke wapi macho.
"Marahaba," nasema, silabi moja kwa kila hatua:
ma, ra, ha, ba.

Kisha ukingo wa Ngezi, na baridi yake
inayokuvaa ghafla kama nguo mbichi.
Juu huko popo wanarudi kutoka matembezini,
wakubwa kama paka, wanagombea matawi
mithili ya wanawake kwenye foleni ya maji.
Usiku kucha wameruka, asubuhi wanalala vichwa chini,
na hakuna anayewauliza.
Hapa ndipo ninapogeuka.
Sijawahi kwenda mbele zaidi. Bado.

Nyumbani, Bikombo hunishika kifundo cha mkono
kwa mkono wake mzima, akahesabu.
Hasemi amefika ngapi.
Tangu aanguke maneno yake ni machache,
anayatoa kama sukari ya mwezi wa Ramadhani.
Jana alitoa moja: "Mbio."
Sikujua kama anauliza au anaamrisha.

Leo masika yamefungua mlango wote.
Bati linapiga ngoma, nikajifunika shuka,
nikasema moyoni, hata popo leo hawatoki.
Hodi.
Bi Mchanga, ungo kichwani badala ya mwavuli,
maji yanamchuruzika mpaka kwenye ndara.
"Kulikoni? Leo hufukuzwi?"

Nikazitafuta raba.
Ya kushoto bado mbichi ya jana.